Barua ya wazi kwa wakubwa wa hifadhi: ile picha ya nyumbu mtoni kuna dereva nyuma yake

Shikamooni wakubwa. Nawaandikia wote, wa wizarani, wa makao makuu, wa bodi, na nyie wenye makampuni mnaokaa Arusha mjini kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Mimi ni dereva, kirefu chake dereva muongoza watalii, ila mtaani wanatuita magaidi, kwa kulichezea neno la Kiingereza "guide", utani wa siku nyingi ambao zamani ulikuwa unanichekesha. Tangu ile video ya Julai 2025 haunichekeshi tena.

Mnaikumbuka nadhani. Mto Mara upande wetu wa Serengeti, ukingo umejaa magari, wageni wameshuka chini na simu juu, nyumbu wanakuja wanataka kuingia majini wanakuta ukuta wa watu wenye kofia, wanageuka, wanajaribu pembeni, wanakuta watu tena. Ikazunguka dunia nzima. Nikasoma komenti mpaka saa nane usiku, nikaona wote wanasema kitu kimoja, madereva ni wajinga, madereva wamehongwa, wafungieni leseni. Hata shemeji yangu ambaye hajawahi kufika hata geti la Naabi la kuingilia Serengeti akanipigia simu kuniuliza kwani nyie hamna huruma.

Mimi sikuwepo pale siku ile. Ila ningeweza kuwepo, na ndiyo maana naandika. Msimu uliopita kabla ya ile video nilifanya kitu kile kile, bahati yangu tu hakuna aliyerekodi.

Ilikuwa hivi. Tulifika Kogatende, kaskazini mwa Serengeti kwenye mto Mara, saa mbili asubuhi, nyumbu wengi mno wako juu ya ukingo, unawasikia kabla hujawaona, ule mlio wao kama vyura wakubwa. Magari yamejipanga nyuma ya vichaka mbali na mto kama utaratibu unavyotaka, injini zimezimwa, watu wanasubiri. Kwa asiyejua, krosingi, yaani nyumbu kuvuka mto, ni kazi ya kusubiri. Wanashuka pundamilia wachache, wananusa maji, mmoja anatia mguu, anashtuka kitu gani sijui, anaruka nyuma, basi kundi zima linarudi mbio juu vumbi tupu. Nusu saa baadaye wanaanza upya. Siku ile walirudi mara nne. Tukala lanchiboksi ndani ya gari, yai la kuchemsha, paja la kuku, ndizi na juisi ya boksi, wageni wangu walikuwa mume na mke na rafiki yao mmoja mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji kailaza kwenye mfuko wa maharage juu ya paa. Yule wa lenzi hakusema neno masaa sita. Mume mwenye simu ndiye alikuwa kila dakika tano ananigonga bega.

Saa nane hivi nyumbu wa kwanza akaingia kweli, nyuma yake mstari. Utaratibu ni kwamba unawaacha kwanza washike kasi, mstari ukishakuwa mnene hauvunjiki kirahisi, hapo ndiyo mnasogea taratibu mmoja mmoja. Lakini gari moja upande wa kulia likachomoka mapema. Akishachomoka mmoja basi tena, maana kila dereva anajua wa pili atapata nafasi na wa ishirini ataona makalio ya kruza, hizi Land Cruiser zetu, za wenzake. Nikasikia nyuma, "Twende, twende, unasubiri nini, nimelipia hii!" Nikawasha. Nikakanyaga mafuta.

Nilipoegesha nikawa nimeegesha juu ya njia yao. Sikukusudia lakini ndiyo hivyo, mimi na wenzangu kama sita tukawa tumekata mstari katikati. Waliokuwa majini wakaendelea, waliokuwa juu wakasimama. Kuna ndama mmoja alikuwa ameshaogelea kama robo ya mto, mama yake kabaki juu nyuma ya bampa yangu, analia. Ndama akageuka kurudi. Akatokea pale ambapo ukingo ni ukuta, anapanda, anateleza, anapanda, anateleza, kwato zinakwangua udongo. Iliishaje sijui, vumbi lilifunika kila kitu, na mgeni wangu alikuwa ameinama anaangalia skrini ya simu kucheki kama picha imetoka.

Askari akaja akaandika faini, na nilistahili. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ikailipa, halafu ikanikata mimi mara tatu mpaka ikaisha. Sasa sikilizeni hapa wakubwa. Siku ya mwisho uwanja wa ndege wale wageni walinipa tipu dola 300, wakanikumbatia, wakasema wewe ni dereva bora Afrika nzima. Nilipokea, sitawadanganya. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: nikitoa faini, nimebaki na hela nzuri.

Msimu uliofuata nikajiapiza sirudii. Nikapata wageni wengine, mambo yakawa yale yale, gari moja likachomoka, nikakataa kuwasha. Tukaona krosingi kwa mbali, mimi naona tuliona vizuri tu, nyumbu walipita dakika arobaini bila kukatika, lakini kwenye simu walionekana kama siafu. Jioni wakapiga simu ofisini. Wakaandika kwenye TripAdvisor nyota mbili, dereva mzuri lakini mwoga, tulikosa tulichokijia. Tipu ilikuwa dola 40 kwa siku saba. Na kwa sababu mimi kama wengi wetu ni deiwaka, sina mkataba, naitwa kwa safari, ofisi ikakaa kimya na mimi nikakaa benchi Agosti nzima. Agosti, jamani. Kwa dereva wa kaskazini kukosa Agosti ni sawa na mkulima kukosa masika.

Kwa hiyo nikivunja sheria nimebaki na faida, nikiifuata nimelala njaa. Wekeni malaika kwenye usukani mkampe hesabu hiyo, mwaka wa tatu atakuwa anachomoka wa kwanza. Nyie kila likitokea jambo mnasema elimu itolewe kwa madereva. Elimu tunayo! Chuo tumesoma, tunajua mnyama gani anashtuka na nini kuliko hata baadhi ya wanaokuja kutufundisha. Shida siyo kujua.

Nirudi kwenye hiyo picha yenyewe, maana naona hakuna anayeizungumzia. Mgeni anafika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ana picha kichwani tayari. Kaiona Instagram, au kwenye tangazo letu wenyewe lile kubwa la pale anapopita na mabegi. Kwenye hiyo picha kuna duma mmoja juu ya kichuguu na jua linazama. Hakuna gari hata moja. Wakati mimi naweza kuwaambia kichuguu kile kile kilikuwa na kruza 25 zimekizunguka kama harusi, aliyepiga alikata pembeni tu. Hakuna anayelipa nauli ya ndege aje apige picha ya foleni. Basi mgeni akifika akaona foleni anahisi kaibiwa, na mwizi aliye karibu ni mimi.

Halafu kuna kitu nimekiona miaka hii kumi na kitu barabarani, mnaweza kubisha. Zamani waliosumbua walikuwa wapiga picha wa kamera kubwa, "sogea mita mbili, jua linanipiga, rudi, hapana mbele kidogo". Bado wapo, na wengine wana vichwa vigumu haswa. Lakini mwenye lenzi ya milimita 600 anaweza kukaa mbali na mnyama akampata hadi kope. Mwenye simu hawezi. Simu inataka karibu. Simba akiwa mita 30 kwenye simu ni doa la kahawia, kwa hiyo anataka mita 5, anataka tairi liguse mkia. Na siku hizi watu kumi wana simu kwa kila mmoja mwenye lenzi. Sisemi simu zipigwe marufuku, hata mimi ninayo na nina picha zangu, nyingi zimetoka ovyo. Nasema sheria ya umbali iliandikwa bila kumfikiria mtu wa simu, na mtu wa simu ndiye anayenigonga bega.

Msinielewe vibaya, picha imetusaidia. Yule simba wa Serengeti, Bob Junior, alipouawa na madume wenzake Machi 2023, watu wa nchi ambazo hawajui hata Tanzania iko wapi walimlilia kama ndugu, na walimjulia wapi kama siyo kwenye picha? Picha zile ndizo zinaleta hao wageni na hao wageni ndiyo ugali wangu. Mimi sipigani na kamera.

Ila twendeni kwa duma, maana hapo ndipo roho inaniuma kuliko hata kwa nyumbu. Nyumbu ni laki kwa laki, na mto wenyewe unawaua wa kutosha, watafiti walihesabu miaka ya 2001 hadi 2015 wakapata wastani wa zaidi ya nyumbu 6,000 wanaokufa maji kila mwaka kwenye mto Mara, hawahitaji msaada wetu. Duma dunia nzima wamebaki kama 7,000. Na duma anawinda mchana kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, watamnyang'anya. Mchana ndiyo muda wetu sisi.

Mmewahi kumsikia duma jike anaita watoto? Siyo mngurumo. Ni mlio kama wa ndege, kifaranga cha kuku kabisa, ukiwa hujui unatafuta juu ya mti. Kuna siku nilikaa na mmoja ana watoto watatu wadogo bado wana yale manywele ya mgongoni, alikuwa kaona swala tomi, kaanza kunyemelea, tumbo linagusa majani, anakwenda hatua anaganda, hatua anaganda. Nilikuwa peke yangu. Nikafanya kosa. Nikabonyeza redio. Sisi tuna tabia ya kuitana, ukipata unatoa na wewe kesho utapewa, ndivyo tunavyoishi, huwezi kuwa mchoyo wa redio ukadumu porini. Siku hizi na WhatsApp imeongezeka. Dakika kumi magari kumi na tano, moja likapita katikati yake na swala ili likae upande wenye mwanga mzuri. Swala wakainua vichwa. Wakaondoka. Duma akakaa chini akatuangalia, sijui kama mnyama anaweza kuchoka na watu lakini mimi nilijisikia kuangaliwa hivyo. Akaita watoto wake kwa ule mlio, wakaondoka bila kula.

Wenzetu wa Maasai Mara upande wa Kenya, ambako ni pori lile lile tu limekatwa na mpaka, walifanyiwa utafiti ukatoka 2018: duma jike anayeishi sehemu yenye watalii wengi alikuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, yaani mizao mitano ndiyo upate mtoto mmoja mzima. Anayeishi sehemu yenye watalii wachache alikuza 2.3. Pori moja, nyama ile ile, simba wale wale. Tofauti ni sisi. Wala hatuwagongi, tunawaangalia tu, tunawapiga picha.

Na nyie dawa mnaijua, hilo ndilo linanishangaza. Pale Namiri, mashariki mwa Serengeti, eneo lilifungwa karibu miaka 20 kwa ajili ya duma, likafunguliwa 2014, na leo mgeni akiniambia nataka duma bila fujo nampeleka huko. Twendeni Mahale. Mahale ni hifadhi yetu, nchi yetu, bendera ile ile. Mgeni akienda kuona sokwe mtu anaambiwa kundi lisizidi watu sita, saa moja tu, barakoa usoni, ukiwa na mafua unabaki kambini, kaa mbali, na mweko wa kamera hakuna. Na anatii! Mtu yule yule ambaye wiki iliyopita alikuwa Kogatende ananigonga bega twende twende, akifika Mahale anavaa barakoa, saa moja ikiisha anaondoka na anashukuru. Rwanda wanalipa dola 1,500 kwa saa moja na sokwe wa milimani, watu wanane kwa kundi, saa ikiisha imeisha, hakuna anayempigia bosi simu.

Kwa nini? Nimeliwaza sana hili nikiwa kwenye foleni, maana foleni inatoa muda. Naona sababu ni kwamba kule anayesema hapana siyo mtu anayetegemea tipu peke yake. Kuna mtu wa hifadhi yupo pale na saa mkononi. Na mgeni aliambiwa kabla hajalipa. Kwetu huku mtu wa kusema hapana kwa mteja ni mimi, ambaye ada ya mtoto iko kwenye mfuko wa huyo huyo mteja. Mmenipa kazi ya urenja bila bunduki, bila sare na bila mshahara wake.

Najua kuna watakaosema pandisheni bei, watakaopungua watapungua. Jamani. Mara ya Kenya walipandisha, tangu 2024 mgeni kutoka nje analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai mpaka Desemba. Foleni ziliisha? Aliyelipa dola 200 ndiyo kabisa hataki kuambiwa subiri. Bei inaongeza madai, na mkipandisha sana tutabaki na wale ambao hawajawahi kuambiwa hapana maishani mwao. Halafu atakayekosa kabisa ni Mtanzania, ambaye hata sasa kiingilio chake ni kidogo lakini gari la kumfikisha huko ndiyo hana.

Na msifunge tu mageti mkaita ni suluhisho. Nataka kitu kidogo zaidi ya hapo, na kigumu zaidi.

Pale kwenye krosingi, miezi ile ya Julai mpaka Oktoba, muwe na askari wa kudumu kwenye kila sehemu inayotumika, siyo wa kupita na kuandika faini baada ya kosa. Wa kupanga. Awe na redio yetu, aseme gari la kwanza sogea, la pili sogea, mwisho hapa, nyie wengine mnangoja hawa watoke. Magari yaingie kwa zamu. Nawahakikishia madereva watashangilia, maana siku hiyo mgeni akinigonga bega nitamwonyesha yule pale, muulize yeye. Hamjui ni raha kiasi gani kuwa na mtu wa kumsingizia.

Faini iende kwa kampuni kwa jina lake na ihesabiwe kwenye leseni ya kampuni, na iwe marufuku kumkata dereva kwa kosa ambalo mgeni aliliagiza. Wenye makampuni mtanichukia hapa, mtasema sasa madereva watafanya watakavyo. Hapana. Siku mkianza kuumia nyie mtawaandikia wageni kabla hawajapanda ndege, mtaweka kwenye ratiba kwa herufi kubwa, kwamba krosingi haina garantii na dereva akisema hapana ni hapana. Leo ratiba zenu zimeandikwa "utashuhudia". Nani kawaambia atashuhudia? Mliongea na nyumbu?

Mgeni naye asaini getini. Karatasi moja, kwa lugha yake, ina mchoro wa gari na mnyama na umbali kati yao, na inasema ukishuka kwenye gari mahali pasiporuhusiwa utalipa wewe, siyo dereva. Wazungu wanaheshimu sana kitu walichosaini, niaminini.

Na vyoo! Hili mtalicheka lakini naomba msilicheke. Watu wakikaa masaa sita kwenye gari wakinywa maji kwa ajili ya joto, kuchimba dawa ni lazima, na choo kiko mbali. Ukiondoka unapoteza nafasi na labda krosingi yenyewe. Basi mama wa watu anashuka nyuma ya tairi, mwingine anashuka kumkinga, wa tatu kaona wenzake wameshuka na yeye anashuka kunyoosha miguu, wa nne anatembea mpaka ukingoni na simu. Nusu ya kushuka kwenye magari nilikokuona kulianza na mkojo. Wekeni vyoo vya staha karibu na pale magari yanaposubiri, mbali na njia ya wanyama, na pigeni marufuku kushuka penginepo, itaeleweka.

Kuhusu duma na chui, hapo sina uhakika askari watatosha, pori ni kilomita za mraba zaidi ya 14,000 na chui hana kituo. Labda magari matano kwa mnyama mmoja na dakika kumi kama wengine wanasubiri, wenzetu wa Mara wanayo hiyo kwenye vitabu, kuitekeleza ndiyo kasheshe. Mimi nimeanza kidogo kidogo mwenyewe. Duma mwenye watoto simtangazi tena redioni. Wenzangu wameshaniona mchoyo na nimeanza kulipa, kuna siku chui alikuwa juu ya mti wa mwegea pale Seronera, katikati ya Serengeti, karibu kabisa na nilipo, wote wanajua ila mimi, nikamkosa mchana kutwa. Sawa tu. Lakini siwezi kuwaambia vijana wenye miaka miwili kazini wafanye hivyo, wao bado wanajenga majina.

Lingine la haraka, matangazo yenu. Wekeni picha moja, moja tu, inayoonyesha gari limekaa mbali na mnyama na watu ndani wametulia. Siyo mbaya, nimewahi kuiona kwa macho, kundi la tembo linapita mbele ya kruza moja ile asubuhi ya ukungu na hakuna aliyenyanyua simu kwa dakika nzima, mpaka tembo wa mwisho, kale kadogo, kalipojikwaa kwenye mkonga wake kakaanguka, ndiyo gari zima likacheka.

Natamani mje. Ila naomba msije na msafara, maana msafara ukija magari yanapangwa vizuri tangu jana, askari wamejaa, na mnaona pori la kwenye ripoti. Njooni wawili au watatu, kruza moja, bila namba za serikali, wiki ya kwanza ya Agosti. Mimi nitawaendesha bure, mafuta tu mchangie. Tutafika saa mbili asubuhi tukae nyuma ya vichaka, lanchiboksi nitawabebea, redio nitaiacha wazi msikie wenyewe. Na lile gari la upande wa kulia likichomoka, nitageuka niwaangalie nyie mnasemaje.